Somo la Robo Hii: Kompyuta ya Nyumbani Inapokataa Mtandao wa Waifai



Somo la safari hii linahusu jambo ambalo halionekani kuwa kubwa mpaka ifike siku ya kutuma taarifa. Siku hizi taarifa nyingi za miradi hazichapwi ofisini. Huchapwa nyumbani kwa katibu au mhazini, jioni baada ya shughuli za mchana, kwa kompyuta iliyounganishwa na kiboksi cha waifai kilichopo sebuleni. Kompyuta ikikosa mtandao, taarifa hulala. Taarifa ikilala, fungu la fedha la robo inayofuata nalo husubiri, na lawama humwangukia katibu kwamba ni mzembe. Naye hana la kujitetea zaidi ya kusema, "Mtandao hakuna."

Tunataka kukaa na maneno hayo kwa muda. Mgonjwa akifika zahanati akasema "naumwa", mganga hamwandikii dawa papo hapo, bali humuuliza anaumwa wapi. Lakini kamati ikisikia "mtandao hakuna", mara nyingi hupitisha fedha siku hiyo hiyo: ruta mpya, nauli ya fundi kutoka mjini, pengine hata kompyuta mpya. Kisha ruta mpya inafungwa na tabia inakuwa ile ile, kwa sababu ugonjwa haukuwa hapo. Ombi letu katika somo hili ni moja. Kabla shilingi haijatoka, ijulikane ni sehemu gani ya njia iliyokatika. Kazi hiyo haihitaji fundi. Inahitaji simu moja, karatasi na nusu saa ya utulivu.

Njia ina vipande vitatu

Barua pepe inayotoka kwa katibu hupita vipande vitatu vya njia. Kipande cha kwanza ni cha hewani, kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kile kiboksi chenye taa ambacho mafundi hukiita ruta. Hiki ndicho kinachoitwa waifai, na urefu wake ni mita chache tu, ndani ya nyumba. Kipande cha pili hutoka kwenye ruta hadi kwa kampuni inayotoa huduma. Katika nyumba nyingi, ruta huwa imewekewa laini ya simu na huongea na mnara ulio karibu. Katika baadhi ya nyumba za mijini ni waya mwembamba wa mkongo unaoingia kupitia ukutani. Kipande cha tatu ni kutoka kwa kampuni hadi huko duniani ambako barua inakwenda.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Ile alama ya waifai iliyo pembeni mwa kioo cha kompyuta, yenye vijipinde vilivyopangana, hupima kipande cha kwanza peke yake. Vijipinde vinaweza kujaa vyote ilhali kifurushi kiliisha tangu juzi. Ruta inaongea na kompyuta vizuri kabisa, ila haina cha kuipa. Kompyuta nyingi huongeza alama ndogo ya tahadhari au picha ya tufe zinapogundua hali hiyo, lakini ni rahisi mtu asiione, hasa mwenye haraka.

Kipimo cha simu

Chukua simu ya kisasa ambayo imekwisha kuunganishwa na waifai ya nyumba hiyo. Kama simu ya katibu ni ya vitufe, mwombe kijana wa nyumbani akuazime yake. Kabla ya lolote, zima data ya laini iliyomo ndani ya simu hiyo. Hatua hii tunaisisitiza kwa sababu simu nyingi zina ujanja: zikiona waifai haina intaneti, hurudi kimya kimya kwenye bando lao wenyewe, na wewe ukaapa mbele ya kamati kwamba waifai ni nzima. Data ikishazimwa, washa waifai, simama karibu na ruta, kisha fungua ukurasa ambao hujaufungua siku hiyo. Ukurasa uliofunguliwa asubuhi unaweza kuwa umehifadhiwa ndani ya simu, ukajitokeza hata pasipo mtandao.

Ukurasa ukifunguka, basi ruta ni nzima, kifurushi kipo na kampuni haina kosa. Shida imo ndani ya kompyuta au mahali ilipowekwa. Hapo hakuna sababu ya kununua ruta wala ya kupoteza muda wa maongezi kwa kuipigia kampuni. Usipofunguka, iache kompyuta kama ilivyo na umalize kwanza habari za ruta. Hutokea kompyuta ikafutwa na kuwekewa programu zote upya, na kazi za mwaka mzima zikapotea humo, kumbe kilichokwisha ni kifurushi.

Simu nayo ikikosa mtandao

Anza na taa za ruta. Taa ya umeme ikiwa imezimika, kagua soketi, swichi ya ukutani na adapta. Adapta ndiyo tunayoishuku kuliko yote. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12, nyingine 9, nyingine 5, na vichwa vya adapta zao hufanana. Mtu akifanya usafi anaweza kuchomeka adapta ya kifaa kingine, ruta ikawasha taa zake kama kawaida, lakini kila watu wanapoanza kuitumia inajizima na kujiwasha. Adapta iliyochoka hufanya vivyo hivyo. Linganisha maandishi yaliyo chini ya ruta na yaliyo juu ya adapta: volti ziwe sawa kabisa, na ampea za adapta zisipungue zile zinazodaiwa na ruta. Bei ya adapta ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya ruta nzima.

Wafadhili wanaotuma vifaa kutoka nje watazame pia upande wa pili wa adapta. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Adapta iliyoandikwa 100-240 itafanya kazi bila shida, lakini iliyoandikwa 120 peke yake, kama baadhi ya zinazouzwa Marekani, itaungua siku ya kwanza.

Kama umeme upo, tazama taa ya intaneti. Kwa ruta ya mkongo kuna taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka au kumweta kwa rangi nyekundu, maana yake mwanga haufiki nyumbani: waya umekatwa na wachimba mtaro, umekunjwa sana nyuma ya kabati, au umechomoka. Hapo fundi wa mtaani hana la kufanya, ni kazi ya kampuni. Usijaribu kuusafisha mdomo wa waya huo kwa kidole, wala usiuchungulie.

Kwa ruta ya laini ya simu, ulizia salio na kifurushi kwanza. Vifurushi vingi vina siku ya mwisho hata kama hujavimaliza, na kilichonunuliwa tarehe ya mkutano uliopita huenda kilikufa kabla ya taarifa kuandikwa. Kifurushi kikiwa hai, ichomoe laini, iweke kwenye simu na ujaribu data hapo. Ikifanya kazi kwenye simu lakini si kwenye ruta, ihamishie ruta dirishani upande unaoelekea mnara. Kuna ruta zilizofungwa na kampuni moja zisipokee laini za kampuni nyingine, kwa hiyo anayenunua ruta iliyokwisha tumika aulizie hilo kabla ya kulipa.

Kisha zima ruta, hesabu nusu dakika, iwashe tena na uisubiri dakika tatu. Watu wengi hawaisubiri. Huizima na kuiwasha mara tano mfululizo bila kuipa nafasi ya kujisajili kwenye mnara. Na kuna kitundu kidogo nyuma, kinachobonyezwa kwa sindano au ncha ya kalamu. Hicho si cha kuzima na kuwasha. Ukikibonyeza na kukishikilia, ruta husahau kila kitu: jina la waifai, neno la siri, na kwa baadhi ya huduma hata maelezo ambayo kampuni iliyaweka ili nyumba itambulike. Tumeandika hili kwa herufi za kawaida, lakini msomaji alisome kama limepigiwa mstari.

Wakati mwingine ruta, laini na kifurushi vyote ni vizima, na bado hakuna kinachofunguka katika mtaa mzima. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, hitilafu iliikumba mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, inayopita pwani ya mashariki ya Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, na intaneti ilidorora kwa siku kadhaa. Mikongo hiyo ndiyo iliyotutoa kwenye utegemezi wa setilaiti, Seacom kuanzia Julai 2009 na EASSy mwaka uliofuata, na tumeizoea kiasi cha kusahau kwamba ipo. Siku kama ile, kununua ruta ni kutupa fedha. Mpigie mtu wa kigango kingine anayetumia kampuni tofauti na umuulize kama kwake kuna mtandao. Ikiwa nao wamekwama, andika hivyo kwenye karatasi pamoja na tarehe na saa, na katibu asilaumiwe.

Simu inapata, kompyuta haipati

Hapa ndipo penye mambo mengi, na ndipo fedha nyingi hupotea bila sababu.

Tuanze na mapesi. Kompyuta mpakato nyingi zina kitufe chenye picha ya antena au ndege, ambacho kikibonyezwa pamoja na kitufe cha Fn huzima waifai. Za zamani zina swichi ndogo ubavuni. Mtoto akiichezea, au mtu akipangusa vumbi, imezimika. Angalia pia hali ya ndegeni kwenye mipangilio. Kisha anzisha kompyuta upya. Katika Windows 10 na 11, kuzima kwa njia ya kawaida mara nyingi si kuzima kabisa, kwani kompyuta huhifadhi sehemu ya kumbukumbu yake ili iwake haraka kesho, na kosa la jana hulala humo humo. Chagua neno "Restart", ambalo huanzisha kila kitu upya.

Kama neno la siri la waifai lilibadilishwa, kompyuta inaweza kuwa inang'ang'ania la zamani. Iambie iusahau mtandao huo, kisha iunganishe tena kama mgeni. Andika neno la siri taratibu, ukiangalia herufi kubwa na ndogo, na usichanganye sifuri na herufi O.

Kompyuta ikiunganika lakini kurasa zikakataa, ni wakati wa kuuliza maswali mawili matatu kwa maandishi. Fungua kisanduku cha kutafutia, andika cmd na ubonyeze Enter. Litatokea dirisha jeusi. Lisikutishe, halifuti kitu kwa kusoma tu. Andika ipconfig, kisha Enter. Tafuta sehemu ya waifai na usome namba ya anwani ya kompyuta, kwenye mstari ulioandikwa IPv4. Katika nyumba nyingi namba hiyo huanza na 192.168. Ruta ndiyo inayogawa namba hizi, kama mtu wa mlangoni anayegawa vikaratasi vya foleni zahanati. Ukiona namba inayoanza na 169.254, fahamu kwamba kompyuta iliomba namba, haikujibiwa, ikajipangia yenyewe. Yenye namba hiyo haitoki nje ya nyumba. Tiba ya kawaida ni kuzima ruta na kuiwasha, kisha kuanzisha kompyuta upya.

Ikiendelea, hesabu vifaa vilivyounganishwa. Ruta ndogo za mfukoni nyingi zimewekewa ukomo wa vifaa kumi hivi. Nyumba yenye simu za watoto, wageni na jirani mmoja wa kudumu huufikia ukomo huo jioni, wakati ule ule katibu anapofungua kompyuta. Waombe watatu wazime waifai zao, kisha ujaribu tena.

Kuna sababu nyingine ya aina hii, nayo imejificha zaidi. Kompyuta iliyotoka ofisini au shuleni inaweza kuwa ilipangiwa namba ya kudumu na fundi wa huko. Ikifika nyumbani hudai namba ile ile ya zamani, ambayo ruta ya nyumbani haiitambui. Kwenye mipangilio ya mtandao rudisha namba zitolewe kwa njia ya kujiendesha, yaani "Automatic". Tunashauri kila kompyuta ya msaada ikaguliwe hapa kabla ya kukabidhiwa.

Namba ikiwa nzuri, andika ping 8.8.8.8 na ubonyeze Enter. Hiyo ni anwani ya Google ambayo imekuwa wazi kwa umma tangu Desemba 2009, nasi tunaitumia kama mlango wa kubisha hodi tu. Majibu yakirudi, yenye muda ulioandikwa kwa ms, basi njia iko wazi hadi nje ya nchi. Kama majibu yanarudi na bado kurasa hazifunguki, kompyuta imeshindwa kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba. Andika ipconfig /flushdns ili isahau majina mabovu iliyoyakariri, kisha ujaribu tena. Majibu yasiporudi, ilhali simu iliyo kando yake inapata mtandao, mshuku mlinzi wa kompyuta mwenyewe. Programu ya kuzuia virusi iliyopitwa na muda au iliyowekwa mbili kwa pamoja huweza kufunga njia. Ondoa moja na ubakize moja.

Sasa tufike kwenye saa. Tunaiweka peke yake kwa sababu kompyuta za msaada, ambazo nyingi zimekwisha kufanya kazi miaka mingi, huugua ugonjwa huu zaidi kuliko nyingine. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri bapa yenye umbo la sarafu, kwa kawaida ya aina ya CR2032, inayotunza saa na tarehe wakati umeme haupo. Ikiisha, kila umeme unapokatika tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa. Tovuti za benki, barua pepe na karibu kila tovuti ya siku hizi huonyesha hati ya utambulisho yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba huu ni mwaka 2009 huiona hati hiyo kuwa bado haijaanza kutumika, hukataa kufungua ukurasa na kuonya kwamba muunganisho si salama. Mtumiaji huhitimisha kwamba mtandao ni mbovu au kompyuta ina virusi. Turekebishe tarehe kwanza, ujaribu tena, kisha ununue betri hiyo, ambayo hupatikana hata kwa mafundi saa. Wanakamati, mkipokea bili ya "kurekebisha mtandao" kwa kompyuta ya aina hii, ulizeni kama saa yake ilitazamwa.

Mwisho wa sehemu hii ni umri wa kifaa. Kompyuta za zamani husikia masafa ya gigahezi 2.4 tu. Kama ruta imewekwa kurusha kwa gigahezi 5 peke yake, jina la waifai halitaonekana kwenye kompyuta hiyo kamwe, hata ukiiweka juu ya ruta. Vivyo hivyo kwa ulinzi: mtindo wa zamani wa WEP ulikwisha kuonekana dhaifu mwaka 2001, WPA2 ukaja mwaka 2004 na WPA3 mwaka 2018. Ruta mpya iliyowekewa WPA3 peke yake huikataa kompyuta isiyoujua. Chagua mpangilio wa kupokea WPA2 na WPA3 kwa pamoja, na usirudi kwenye WEP hata fundi akikuambia ni rahisi. Kuna na kisa cha chaneli. Baadhi ya kompyuta zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazisikii chaneli ya 12 na ya 13, kwa kuwa huko chaneli zinazotumika kwa kawaida huishia 11, ilhali nchi nyingi nyingine zinaruhusu mpaka 13. Ruta inayojichagulia chaneli ikiangukia 13, simu zote za nyumbani zitaona waifai na kompyuta ya msaada haitaiona. Ipangie ruta chaneli ya 1, 6 au 11, na jambo litakuwa limekwisha.

Inapata sebuleni, haipati chumbani

Waifai ni mawimbi ya redio, na nyumba zetu si za mbao. Ukuta wa tofali za saruji huyapunguza. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe, kama wa nyumba za kale za Zanzibar, Lamu na Mombasa, huyapunguza zaidi. Mabati huyarudisha nyuma kama kioo kinavyorudisha mwanga, na pipa au tangi la maji huyameza. Friji nalo ni ukuta wa chuma. Gigahezi 5 ina kasi kubwa lakini huchoka upesi ikikutana na kuta, gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi, ila huigombania na jirani, na tanuri la maikrowevu, na vifaa vya bluutuuthi.

Kwa hiyo weka ruta juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba. Isiwe ndani ya kabati la vyombo, wala nyuma ya televisheni, wala chini ya kitambaa cha kufumwa. Kitambaa huizuia isipumue, na ruta iliyopata joto hujizima. Kompyuta ya mezani inayotumia kipokezi kidogo cha USB mara nyingi huwa imekichomeka nyuma ya kasha, kati ya chuma na ukuta. Ongeza waya wa USB wa nusu mita ukilete juu ya meza. Kisiwe jirani na diski ya nje iliyochomekwa kwenye tundu la USB 3, kwa maana tundu hilo na waya wake hutoa kelele kwenye masafa yale yale ya 2.4.

Na kama meza ya katibu iko mita tano toka kwenye ruta, kwa nini kuhangaika na hewa? Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta hauna neno la siri, hauna chaneli na haumezwi na tangi. Ni kifaa cha bei ndogo, na ni kipimo kizuri pia: kompyuta ikipata mtandao kwa waya na kuukosa kwa hewa, umejua bila ubishi kwamba kasoro ni ya waifai peke yake.

Kwa mtandao unaopatikana lakini unatambaa tutasema kidogo tu. Kompyuta ya Windows hujipakulia masasisho bila kuomba ruhusa na huweza kula kifurushi cha juma katika usiku mmoja. Kwenye mipangilio ya waifai hiyo washa kipengele cha "Metered connection", naye atajizuia. Kisha badilisha neno la siri kama halijabadilishwa tangu ruta iletwe, kwa kuwa mtaa mzima umekwisha kulijua.

Lini kamati ilipe

Kamati ina haki ya kulipa, na kuna vitu vinavyostahili kulipiwa: adapta, betri ya saa, waya wa mtandao, kipokezi kipya cha USB pale cha ndani kinapokufa. Ruta ibadilishwe ikiwa simu mbili tofauti zimeshindwa karibu yake, adapta imejaribiwa, na laini au mkongo umethibitishwa kuwa mzima. Kompyuta nzima isibadilishwe kwa sababu ya waifai pekee. Inaweza kubadilishwa kwa sababu nyingine. Kwa mfano, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mwenye kompyuta isiyopokea mfumo mpya anatakiwa kupanga mapema. Lakini hilo ni suala la usalama, na liletwe mezani kwa jina lake.

Kwa wafadhili tunaongeza ombi dogo. Mnapoandaa kompyuta za kutuma, ijaribuni kila moja kwa waifai ya 2.4 yenye ulinzi wa WPA2, wekeni betri mpya ya saa, futeni namba za kudumu, na ndani ya boksi tieni waya wa mtandao wa mita kumi. Kwenye bajeti za miradi, fungu la "matengenezo ya intaneti" ligawanywe: vifurushi upande wake, vifaa upande wake, malipo ya fundi upande wake. Fungu likiwa moja, hakuna atakayeweza kuona kwamba fundi amelipwa mara nne kwa kosa lile lile.

Fundi akiitwa, asikaribishwe kwa maneno "mtandao hakuna". Akabidhiwe karatasi yenye majibu haya: simu ilipata au haikupata ikiwa data yake imezimwa, taa zipi zilikuwa zinawaka na kwa rangi gani, anwani ya kompyuta ilianza na namba gani, ping ilijibu au haikujibu, tarehe ya kompyuta ilikuwa sahihi au la, na tatizo lilianza lini, baada ya tukio gani, kama radi, kukatika kwa umeme au kuhamishwa kwa meza. Baada ya kazi aandike chini yake alichokuta na alichobadilisha, kisha atie sahihi. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani karibu na ruta, ikiwa na namba ya huduma kwa wateja ya kampuni na tarehe ya mwisho ya kifurushi. Neno la siri la waifai lisiandikwe hapo. Lihifadhiwe na mhazini.